Pevingi au zege? Namna ya kuamua uwanja wa nyumba kabla ya kununua chochote

Nyumba ikishapauliwa, ikapigwa plasta na kupakwa rangi, fedha inayobaki huwa ndogo, na uwanja ndio unaopewa hiyo iliyobaki. Mtu anapita kando ya barabara, anaona pevingi, yaani vitofali vyekundu vya zege, vimepangwa, anauliza bei kwa skwea mita, anaagiza. Mwingine anamwambia fundi amwage zege kazi iishe. Wote wawili wamechagua cha juu kabla ya kutazama cha chini, ilhali uwanja mwingi unaotitia, kupasuka au kutuamisha maji umeharibikia chini.

Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria mwenye nyumba wa Dar es Salaam na miji ya pwani, yenye masika ya Machi hadi Mei na mvua za vuli mwishoni mwa mwaka. Aliye Nairobi, ambako vitofali hivi huitwa kabro, ataona mengi yanamhusu, hasa kwenye suala la udongo mweusi.

Hatua ya 1: Chora kilichofukiwa

Chukua karatasi uchore kiwanja chako. Weka nyumba, geti, ukuta, miti. Kisha weka visivyoonekana: chemba na bomba za maji taka, shimo lenyewe, bomba la maji linalotoka kwenye mita, waya wa umeme uliopita chini kwenda getini au kwenye pampu. Kama nyumba umeinunua na hujui vinapita wapi, funua mifuniko ya chemba uone bomba zinaelekea upande gani.

Sasa ongeza vya kesho. Utajenga vyumba vya uani? Utachimba kisima? Tenki litahama? Nyumba zetu nyingi hujengwa kwa awamu, mwaka huu msingi, mwaka ule ukuta, na kila awamu huchimba mahali.

Penye dalili ya kuchimbwa tena, weka pevingi. Vitofali hung'olewa kimoja kimoja, bomba likatengenezwa, vikarudishwa, na kama chini pameshindiliwa vizuri huoni palipofunguliwa. Zege ni lazima likatwe kwa grainda na kuvunjwa kwa nyundo, na kiraka chake hakitafanana na lile la zamani hata ukitumia saruji ileile. Kwangu hoja hii ni nzito kuliko bei na kuliko urembo.

Ikiwa bado unataka zege sehemu ya kupita magari, zika kwanza mabomba mawili matupu ya plastiki ya inchi nne, yakatize kutoka upande mmoja hadi mwingine, uzibe ncha zake na uziandike kwenye mchoro. Waya au bomba la baadaye litapita humo bila kuvunja kitu.

Hatua ya 2: Ujue udongo wako

Chimba vishimo vitatu vya futi mbili sehemu tofauti za uwanja. Ukikuta mchanga, kama ilivyo kawaida Kigamboni na maeneo mengi ya karibu na bahari, una bahati: maji yanashuka, na mchanga uliolowanishwa na kuzuiwa pembeni unashindilika vizuri. Udongo mwekundu wenye mfinyanzi kiasi nao unakubali kazi, mradi usiushindilie ukiwa tope.

Wa kuogopa ni mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka mipasuko mipana wakati wa kiangazi na kunata kwenye viatu mvua ikinyesha. Chukua tonge lake likiwa na unyevu ulisokote liwe jembamba kama penseli. Lisipokatika, mfinyanzi ni mwingi. Udongo huu huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Zege juu yake hupasuka, pevingi hufanya mawimbi. Huko Kitengela, Syokimau na Athi River, pembezoni mwa Nairobi, wajenzi wameuzoea: ukiwa tabaka fupi huuondoa wote, ukiwa wa kina huondoa kadiri wawezavyo na kujaza moramu, yaani udongo wa changarawe unaoshindilika. Fanya hivyo hivyo, angalau sentimita 30 chini ya kazi yako, na hapo chagua pevingi. Likitokea wimbi unaweza kung'oa na kusawazisha, jambo ambalo zege halikupi.

Kuna pia kifusi kipya. Kando ya msingi wa nyumba na juu ya mitaro ya mabomba, udongo uliorudishwa bila kushindiliwa utashuka tu. Ama ufukue na kurudisha kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa, ama uache masika moja ipite juu yake ndipo uanze. Muda huo haupotei bure. Nimeona uwanja wa jirani Goba uliowekwa pevingi nzuri kabisa, na mwezi wa nne mfereji wa futi moja na nusu ukajichora kuzunguka nyumba nzima, palepale uliporudishwa udongo wa msingi.

Hatua ya 3: Maji yataenda wapi?

Hili ndilo swali ambalo watu wengi hawajiulizi, na ndilo linaloleta ugomvi na majirani. Fanya hesabu. Uwanja wa mita za mraba 60 ukipata mvua ya milimita 50, na mvua ya namna hiyo Dar si ya ajabu, unapokea lita 3,000. Bado hujajumlisha maji ya paa. Zamani yalizama mchangani. Ukishafunika, yatatafuta pa kwenda: barazani kwako, kwa jirani, au barabarani.

Wapo wanaoamini pevingi inakunywa maji yote. Hapana. Pevingi ya kawaida iliyofungwa vizuri hupitisha kidogo kwenye maungio, na kidogo hicho hupungua vumbi linapojaa. Kwa hiyo iwe pevingi au zege, mteremko ni uleule: sentimita 2 kwa kila mita, kutoka nyumbani kwenda nje. Uwanja wa mita 6 kutoka ukutani hadi kwenye mfereji utashuka sentimita 12. Pima kwa mpira wa maji au pimamaji, usikubali kukadiria kwa macho.

Angalia pia kimo. Uso wa uwanja uliomalizika uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi, na usifunike ile nailoni ya kuzuia unyevu iliyo juu ya msingi. Ukipandisha uwanja juu yake, ukuta utaanza kunywa maji, rangi itabanduka kwa ndani, nawe utalaumu rangi.

Hatua ya 4: Nani atapita juu yake

Kwa watu na magari madogo, pevingi ya unene wa milimita 60 au zege la sentimita 10 vinatosha. Lakini jiulize kama boza la maji litaingia, au gari la kunyonya maji taka. Gari kama hilo likiwa limejaa linaweza kupita tani kumi. Linapopita weka pevingi ya milimita 80 au zege la sentimita 15 lenye wavu wa chuma wa BRC, na lisipite juu ya shimo la maji taka kabisa.

Wafikirie na wanaotembea. Bibi mwenye mkongojo na mtu wa kiti cha magurudumu hupita kwa raha kwenye zege lililonyooka kuliko kwenye vitofali vilivyoanza kupishana. Njia ya kutoka getini hadi mlangoni iamuliwe na hao kwanza.

Nikiweka hatua hizi nne pamoja, sioni kwa nini uwanja mzima uwe wa aina moja. Kwenye nyumba ya kawaida ningegawa hivi: mwinuko mkali wa getini zege lililochanwa mistari, kwa sababu pevingi kwenye mwinuko husukumwa taratibu kuteremka na kuacha nafasi juu; eneo la kuegesha na kugeuzia magari pevingi; uani, kwenye bomba, karo la kufulia na jiko la mkaa, zege, maana maji ya sabuni yanayomwagwa kila siku huhamisha mchanga wa maungio, na mafuta na majivu ni rahisi kusafisha kwenye zege. Kuzunguka mwembe au mwarobaini usiweke chochote kigumu. Acha angalau mita moja na nusu kila upande, weka kokoto au nyasi. Mti upate maji, na mizizi isikuinulie kazi yako.

Hatua ya 5: Hesabu ya vifaa

Bei hubadilika kila mwezi na kila mtaa, kwa hiyo pata kiasi kwanza, ndipo uulize bei sehemu tatu. Tuchukue mita 60 za mraba zilezile.

Kwa zege la sentimita 10 unahitaji mita za ujazo 6. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko 38 hivi ya saruji ya kilo 50. Agiza 42 kufidia upotevu. Mchanga mita za ujazo 3, kokoto 5 na nusu. Ongeza wavu, nailoni, mbao za boksi (za kuzuia zege pembeni) na moramu ya chini.

Kwa pevingi ya mstatili wa sentimita 20 kwa 10, kila mita ya mraba hula vitofali 50. Hapo ni 3,000, na asilimia 5 ya kukatwa na kuvunjika ni 150 zaidi. Mchanga wa kulalia wa sentimita 3 ni karibu mita za ujazo 2, agiza mbili na nusu. Moramu ya sentimita 15 ni mita za ujazo 9 ikishashindiliwa, kwa hiyo nunua 11 au 12 ikiwa haijashindiliwa. Ongeza kerbu za pembeni (mawe ya zege ya kuzuia ukingo), kodi ya kompakta (mashine ya kushindilia) na usafiri.

Mtu akikupa bei ya pevingi kwa skwea mita, uliza imejumuisha nini. Mara nyingi ni vitofali na kupanga tu. Moramu, kerbu na kompakta havimo, na ndivyo vinavyoamua kama uwanja utadumu.

Hatua ya 6: Kununua vitofali

Tengeni muda wa kutosha hapa. Kuna vitofali vinavyogandamizwa kwa mashine yenye mtetemo, na kuna vinavyomwagwa kwenye moldi za plastiki. Vya moldi hung'aa na kupendeza, lakini uso wake laini huteleza ukilowa. Kwenye njia ya kupita watoto wakati wa mvua ningechukua vya mashine, vyenye uso wa kukwaruza kidogo.

Ubora unatofautiana sana kutoka kiwanda hadi kiwanda, na vingine vimejaa vumbi la kokoto na saruji ya kuhesabu. Nenda mwenyewe, uchague vitofali kutoka katikati ya rundo, si vile vilivyowekwa mbele. Gonganisha viwili: visikike kwa mlio mkali, siyo kishindo butu. Kwaruza kwa msumari: mkwaruzo uwe hafifu. Ng'ang'ania kona kwa vidole: isimomonyoke. Pima kwa mzani: kitofali cha sentimita 20 kwa 10 chenye unene wa milimita 60 kisipungue kilo 2 na nusu. Kikiwa chepesi zaidi, kina matundu ndani au unene si ule ulioambiwa. Kisha kivunje kimoja, kwa ruhusa ya muuzaji, utazame ndani. Kokoto ndogo zionekane zimeshikwa kote, na rangi iwe imeingia angalau tabaka zima la juu, siyo kupakwa.

Uliza vilitengenezwa lini na vilimwagiliwa siku ngapi. Kitofali hupata nguvu yake kwa siku 28. Vya wiki moja vikipakiwa kwenye lori utapokea kona zilizovunjika, na vikikanyagwa na gari mapema vitakwisha uso. Nunua mzigo wote kwa mara moja, kwa kuwa rangi ya mzigo wa pili haitalingana, na weka akiba ya vitofali 50 nyuma ya nyumba.

Hatua ya 7: Kutandaza pevingi

Chimba kiasi cha kutosha moramu sentimita 15, mchanga 3 na kitofali 6, yaani sentimita 24 kutoka uso uliokusudia. Ondoa majani, mizizi na udongo mweusi wa juu. Shindilia udongo wenyewe kabla ya kuleta moramu.

Moramu iwekwe kwa tabaka mbili na kila moja ipitiwe na kompakta mpaka ikatae kushuka. Unyevu uwe wa kiasi: ukifumbata konzi ishikane bila kulowesha kiganja. Mteremko wote utengenezwe hapa, kwenye moramu, usiachwe kwa mchanga. Ukimaliza, pitisha gari polepole juu yake na utazame magurudumu. Panapobonyea, fukua na urudie. Gari likipita bila kuacha alama, sehemu ngumu ya kazi imekwisha.

Mafundi wengi huruka hatua hii. Wanamwaga mchanga wa sentimita 10 juu ya udongo wa asili, wanasawazisha, wanapanga. Siku ya kukabidhi uwanja unapendeza. Baada ya miezi michache magurudumu yamechora mifereji miwili, kwa sababu mchanga mnene husogea. Mchanga wa kulalia ni sentimita 3 tu, mchanga wa mto, wenye chembe kubwa kama chumvi ya mawe, uliooshwa na usio na udongo.

Kerbu zisimikwe kwenye zege pande zote kabla ya kupanga. Bila kizuizi cha pembeni vitofali husambaa kidogo kidogo mpaka maungio yanafunguka. Kisha laza mabomba mawili ya kipenyo kimoja, mimina mchanga, vuta rula juu yake, toa mabomba, jaza nafasi zake, na mtu asiukanyage tena. Mpangaji asimame juu ya vitofali alivyokwisha kupanga akielekea mbele. Nafasi kati ya kitofali na kitofali iwe milimita 2 hadi 3. Panapopita magari panga kwa mtindo wa mfupa wa samaki, vitofali vikikutana kwa pembe. Mistari iliyonyooka husukumika gari linapokata kona au kufunga breki, mfupa wa samaki hujifunga kila upande. Usitumie vipande vilivyo chini ya theluthi ya kitofali.

Pitisha kompakta mara mbili, mwaga mchanga laini mkavu, fagia uingie, pitisha tena, fagia tena, mpaka maungio yajae. Kataa saruji kavu kumwagwa juu na kunyunyiziwa maji. Huacha ukungu mweupe usiotoka, na maungio yaliyogeuka magumu hupasuka kwa sababu vitofali vinahitaji kusogea kidogo.

Hatua ya 8: Kumwaga zege

Zege nalo linahitaji moramu iliyoshindiliwa, sentimita 10. Juu yake nailoni. Piga boksi kwa mbao zenye kimo kilekile cha zege na mteremko uleule.

Wavu wa BRC ukae juu kidogo ya katikati, sentimita 4 kutoka uso, ukiwa umebebwa na biskuti za zege (vipande vidogo vya kuunyanyua). Fundi akisema atauvuta juu wakati wa kumwaga, mwambie hapana. Unaishia chini juu ya nailoni na haufanyi kazi yoyote. Kati ya zege na ukuta wa nyumba weka stairofomu ya sentimita 1, uwanja na nyumba visishikane.

Pima kwa ndoo ya lita 20, siyo kwa koleo. Mfuko mmoja wa saruji: mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7, maji yasizidi lita 25, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Kokoto ngumu za Lugoba ni bora kuliko zile laini za mawe ya matumbawe. Mchanga wa baharini usiingie kabisa, chumvi yake huozesha wavu. Vijana wa zege hupenda maji mengi kwa sababu linateremka lenyewe. Kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu na kuongeza nyufa. Simama hapo mwenyewe au mweke mtu unayemwamini, kwa upole lakini bila kuondoka.

Anza alfajiri, kabla jua halijapanda. Maji ya juu yakishakauka, pitisha ufagio mgumu kukingama na mteremko. Usipige niru (uji wa saruji wa kulainisha uso) nje, itateleza. Zege litapasuka tu mahali fulani, kwa hiyo wewe ndiye uchague mahali: kata mistari ya kina cha sentimita 2 na nusu kila mita 2 na nusu hadi 3, vipande viwe karibu na mraba, na ukate siku ileile jioni au kesho yake asubuhi. Ukingoja zaidi, nyufa zitakuwa zimeshajichagulia njia.

Funika kwa magunia uyaweke yamelowa siku 7 bila kukosa. Kutembea ni baada ya siku moja au mbili, gari dogo baada ya siku 7 hadi 10, boza baada ya siku 28.

Malipo na masika ya kwanza

Lipa kwa hatua zinazoonekana: baada ya moramu kukubali jaribio la gari, baada ya kupanga au kumwaga, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka umwage maji kwa mpira uwanja mzima na kuona yanaondoka yote. Dimbwi lolote linalobaki lirekebishwe kwanza ndipo mtu alipwe.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, toka na mwavuli utazame. Weka alama kwa chaki pale maji yanaposita na pale mchanga wa maungio ulipotoka. Mvua ikikatika na uwanja ukikauka, fagia mchanga mpya kwenye maungio. Palipotitia, ng'oa vitofali vya hapo tu, ongeza moramu, ushindilie, urudishe. Kwenye zege jaza mistari uliyokata kwa lami au gundi ya maungio kabla ya mvua za vuli. Upande wa kivulini, penye ukungu wa kijani, sugua kwa brashi na maji ya klorini kila unapoanza kuteleza.